Namba za Utambulisho na Injini za Asili katika Magari Makongwe

Makala haya yanahusu istilahi chache ambazo kwa kuzitazama haraka huonekana kuwa za mafundi wa gereji peke yao. Lakini karatasi za gari hazibaki gereji. Hupita forodhani, katika ofisi za usajili, katika makampuni ya bima, polisi na mahakamani, na huko kote huenda zikahitaji kufasiriwa. Hapo ndipo mfasiri, ambaye pengine hajapata kufungua boneti maishani mwake, hutakiwa kuandika kwa Kiswahili maneno ambayo mali ya mtu, na wakati mwingine heshima yake, huyategemea.

Tuliletewa hati moja ya namna hiyo. Mzee mmoja alifariki akaacha, pamoja na nyumba na shamba, Land Rover ya miaka ya 1960 aliyoitunza kwa muda mrefu. Akajitokeza mnunuzi wa magari ya zamani, naye akataka gari likaguliwe kwanza. Mkaguzi aliandika ripoti yake kwa Kiingereza. Alisema kwamba injini iliyomo ni ya aina inayostahili gari lile, ila hakuweza kuthibitisha kuwa ndiyo ile iliyotoka nalo kiwandani. Ripoti ikafasiriwa kwa ajili ya warithi, na katika Kiswahili sentensi hiyo ikawa: "Injini si halisi, na namba yake hailingani na ya gari." Mtoto wa marehemu aliyekuwa akilitunza gari aliulizwa mbele ya kikao cha ukoo injini halisi ameiuza wapi na kwa nani.

Mkaguzi hakusema hivyo, na mfasiri hakukusudia hivyo. Kosa lilikuwa katika maneno mawili, "halisi" na "kulingana", ambayo kila mmoja wetu huyatumia kila siku bila ya madhara. Katika kurasa hizi tunakusudia kueleza namba hizi ni zipi, zinasomwaje, na ni maneno gani ya Kiswahili yanayoweza kuubeba ukweli wake bila ya kuuongeza wala kuupunguza.

Gari kuukuu na gari kongwe

Tuanze na jina la magari yenyewe. Lugha yetu haina upungufu wa maneno ya vitu vilivyotumika sana. Gari lililochakaa huitwa kuukuu, na watu wa mitaani huliita mkweche au mkangafu. Maneno haya yote yana dharau ndani yake. Humwambia msikilizaji kwamba thamani ya kitu imekwisha. Magari tunayoyazungumzia ni kinyume cha hayo, kwa kuwa umri ndio uliowaongezea thamani.

"Gari la zamani" haina dharau, lakini ni pana mno. Gari lililoundwa miaka kumi na mitano iliyopita nalo ni la zamani kwa mwenye jipya. FIVA, shirikisho la kimataifa linaloshughulikia magari ya aina hii, huhesabu gari lililotimiza angalau miaka 30, linalotunzwa katika hali inayoafikiana na historia yake, na ambalo halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Kwa kipimo hicho, basi dogo la miaka 35 ambalo bado linabeba abiria asubuhi na jioni ni la zamani kweli, lakini halimo katika kundi hili.

Tunapendekeza neno "gari kongwe", kwa wingi "magari makongwe". Mkongwe ni mzee sana, na mzee kwetu ana heshima yake na ana habari za kusimulia. Neno hili linafaa pia kwa mashindano ya magari ya namna hiyo, mathalani yale ya East African Safari Classic yaliyoanza mwaka 2003, ambako umri wa gari ni sharti la kushiriki.

Namba nne zisizochanganywa

Katika hati nyingi tulizozisoma, neno "namba ya gari" limetumika kwa vitu vinne mbalimbali. Hapana budi kuvitenganisha.

Ya kwanza ni namba ya usajili. Hii ndiyo iliyoandikwa kwenye kibati cha mbele na cha nyuma, nayo hutolewa na serikali. Gari likihamishiwa nchi nyingine hupewa nyingine. Kwa hiyo namba ya usajili humtambulisha mwenye gari na mahali pake zaidi kuliko inavyolitambulisha gari lenyewe.

Ya pili ni namba ya chesisi. Hii hutolewa na kiwanda, nayo ndiyo utambulisho wa gari tangu lilipoundwa hadi litakapovunjwa. Kwa magari yasiyo na chesisi ya peke yake, yaani yale ambayo bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kuiita namba ya chesisi ni kwa mazoea tu. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "namba ya utambulisho wa gari" iwe istilahi ya jumla, na "namba ya chesisi" ibaki pale ambapo chesisi ipo kweli au ambapo hati ya asili imetumia neno hilo.

Ya tatu ni namba ya injini. Hii hugongwa kwenye bloku, aghalabu mahali palipolainishwa kwa kusudi hilo. Humtambulisha injini mmoja mmoja, kama vile namba ya chesisi inavyolitambulisha gari moja moja.

Ya nne ndiyo inayowapotosha wengi. Bloku ya injini hutengenezwa kwa kusubu, yaani chuma huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ndani ya kalibu huwa kumechongwa tarakimu, na chuma kinapoganda tarakimu hizo hutokeza juu ya bloku kama mwandiko ulioinuka. Hiyo ni namba ya kalibu. Haitambulishi injini moja, bali umbo la kipuri. Bloku maelfu zilizotoka katika kalibu za mchoro huo huo huwa na namba hiyo hiyo.

Tofauti ya namba ya injini na namba ya kalibu huonekana kwa jicho na huhisiwa kwa kidole. Namba ya kugongwa imezama katika chuma, na namba ya kalibu imeinuka. Mfasiri asiyeijua tofauti hii akaandika "namba ya injini" kwa zote mbili, anaweza kumfanya ofisa adhani kwamba magari mawili yana injini yenye namba moja, na hilo hudhaniwa mara moja kuwa ni wizi.

Mfano wa kwanza: Land Rover

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, na kwa miongo mingi baada ya hapo imekuwa gari la mabwana shamba, madaktari na wakuu wa wilaya katika Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo ni mfano ulio karibu nasi. Tutachukua zile za Series IIA, zilizoundwa kuanzia mwaka 1961 hadi 1971.

Namba ya chesisi ya gari hili ina tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Tarakimu tatu za mwanzo ndizo zenye maana. Tano zinazofuata ni hesabu tu ya gari la ngapi katika mfuatano wake. Herufi ya mwisho huonyesha mabadiliko ya uundaji ambayo fundi lazima ayajue anapotafuta vipuri. Haitaji daraja la ubora, kama tulivyokuta imefasiriwa mahali fulani.

Tutazame tarakimu tatu za mwanzo kwa gari refu, lile ambalo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 109, lenye injini ya petroli ya silinda nne. 251 ni gari la usukani wa kulia lililokusudiwa kutumika Uingereza. 252 ni la usukani wa kulia la kuuzwa nchi za nje. 253 ni la usukani wa kulia lililosafirishwa likiwa vipandevipande ili liunganishwe huko liendako. 254 ni la usukani wa kushoto la kuuzwa nje, na 255 ni la usukani wa kushoto lililopelekwa vipandevipande.

Msomaji ataona mara moja faida ya habari hizi. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha magari upande wa kushoto wa barabara, na usukani huwa kulia. Kongo, Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia. Basi namba inayoanza na 254 ikikutwa Dodoma huuliza swali: gari hili lilipitia wapi? Pengine lilivuka mpaka kihalali miaka mingi iliyopita, na karatasi zake zipo. Namba yenyewe haihukumu mtu. Humwonyesha msomaji mahali pa kuuliza tu.

Vilevile tofauti kati ya 252 na 253 inatukumbusha vitenzi viwili ambavyo wafasiri huvichanganya. Kuunda gari ni kulitengeneza tangu vipuri vyake. Kuunganisha gari ni kuvipanga na kuvifunga vipuri vilivyokwisha kuundwa kwingine. Kiwanda cha Leyland Kenya kilichoanzishwa Thika mwaka 1974 kilikuwa cha kuunganisha. Gari lililounganishwa lina nchi mbili katika historia yake, na hati inayosema "liliundwa" bila ya kufafanua huifuta mojawapo.

Sasa tuje kwenye injini. Injini ya petroli ya silinda nne ya Series IIA, yenye ukubwa wa lita 2.25, ilikuwa na mfuatano wake wa peke yake ambao ulianza na 251. Injini ya dizeli ya ukubwa huo huo ilianza na 271. Injini hizo zilifungwa katika magari mafupi na marefu, ya nyumbani na ya nje. Kwa hiyo gari refu la petroli lililouzwa Afrika ya Mashariki huwa na chesisi inayoanza na 252 na injini inayoanza na 251, na tarakimu tano zinazofuata hazifanani. Hivyo ndivyo lilivyotoka kiwandani. Namba zake hazilingani, na hazikukusudiwa kulingana.

Tazama pia mtego uliomo humo. 251 kwenye chesisi maana yake ni gari refu la petroli la Uingereza. 251 kwenye injini maana yake ni injini ya petroli, iwe katika gari la namna yoyote. 271 kwenye chesisi ni gari fupi la dizeli la Uingereza, na kwenye injini ni dizeli tu. Tarakimu ni zile zile, mahali ni mbalimbali, na maana hubadilika kwa mahali. Mfasiri akiandika "namba 251" bila ya kutaja ni ya chesisi au ya injini, ameiandika namba lakini ameitupa habari.

Ikiwa chesisi ni 252 na injini ni 271, hapo kuna jambo la kusema: gari lililoundwa kwa petroli sasa lina dizeli. Jambo hilo si la ajabu. Wenye magari wengi walibadili petroli kwa dizeli ili kupunguza gharama ya mafuta, au walifunga injini iliyopatikana wakati vipuri vilipokuwa adimu. Si kosa, maadamu mabadiliko yaliandikishwa. Lakini ni habari ambayo mnunuzi na ofisa wana haki ya kuipata.

Mfano wa pili: Chevrolet

Tumesema namba za Land Rover hazilingani. Yako magari ambayo zinalingana, na huko ndiko lilikotoka neno hili lililoingia katika ripoti ya mkaguzi na kuleta balaa. Wapenzi wa magari ya Kimarekani wana usemi wao wa gari ambalo "namba zake zinalingana", na usemi huo umesafiri hadi kwenye magari ambayo haukuyahusu.

Chukua Chevrolet Camaro ya mwaka 1969. Namba yake ya utambulisho ina alama 13. Tuseme inaanza na 124379N. Tarakimu ya 1 ya mwanzo ni Chevrolet, mojawapo ya matawi ya kampuni ya General Motors. 24 ni Camaro yenye injini ya silinda nane, ambapo yenye silinda sita ingekuwa 23. 37 ni umbo la milango miwili lenye paa la bati, na la paa la kukunjwa lingekuwa 67. 9 ni mwaka 1969. N ni kiwanda cha Norwood katika jimbo la Ohio. Hatimaye hufuata tarakimu sita za mfuatano.

Kwa kawaida, tangu magari ya mwaka 1968, General Motors iligonga sehemu ya namba hiyo kwenye bloku ya injini. Kwa mfano wetu, injini ingekuwa na 19N, yaani Chevrolet, mwaka 1969, Norwood, kisha tarakimu sita zile zile za mfuatano. Hapa neno "kulingana" lina maana kamili. Mkaguzi huweka namba mbili pamoja na kuzisoma.

Pembeni ya namba hiyo hugongwa nyingine, ya kiwanda kilichounganisha injini. V0315DZ, kwa mfano, husomwa hivi: V ni kiwanda cha Flint, 0315 ni tarehe 15 Machi, na DZ ni aina ya injini, ile ya inchi za ujazo 302 iliyowekwa katika Camaro ya Z/28. Na bloku yenyewe ina tarehe yake ya kalibu iliyoinuka, ambayo herufi yake ni mwezi: A ni Januari, B ni Februari, hadi L ambayo ni Desemba. C 5 9 ni tarehe 5 Machi 1969.

Kutokana na tarehe hizi hupatikana kanuni iliyo rahisi na yenye nguvu. Bloku husubiwa kwanza, injini huunganishwa baadaye, na gari hukamilishwa mwisho. Ikiwa bloku ilisubiwa baada ya gari kutoka kiwandani, haiwezi kuwa ya gari hilo, hata kama namba iliyogongwa juu yake inasema hivyo. Hapo ndipo watu hugundua kwamba namba imefutwa na kugongwa upya.

Sababu ya kughushi ni fedha. Namba ya utambulisho ya Camaro ya mwaka 1969 husema silinda nane tu. Haisemi kama gari ni Z/28 yenye injini ya 302 au ni gari la kawaida. Kwa hiyo injini ndiyo shahidi, na bei hutegemea ushahidi wake. Namba ya kalibu peke yake haitoshi, kwa kuwa bloku ya 3970010, kwa mfano, ilitumika kwa injini ya 302 na ya 350 pia.

Neno "halisi" na hatari yake

Sasa tunaweza kulirudia neno lililomletea yule kijana matatizo. Katika Kiswahili, kinyume cha halisi ni bandia. Dhahabu halisi, dawa halisi, fedha halisi: ukikanusha lolote kati ya haya umemshtaki mtu. Katika maduka ya vipuri pia, kipuri halisi ni kile kilichotengenezwa na kampuni yenyewe, na kisicho halisi ni cha kuigiza. Kwa hiyo "injini si halisi" humwambia msomaji kwamba injini ni ya kughushi.

Lakini ripoti ya mkaguzi wa magari makongwe inaweza kuwa inajibu maswali matatu yaliyo mbalimbali. Je, injini imetengenezwa na kampuni inayodaiwa? Je, ni ya aina na wakati unaostahili gari hili? Je, ndiyo ile ile iliyofungwa kiwandani siku gari lilipoundwa? Injini inaweza kupata ndiyo kwa la kwanza na la pili, na hapana kwa la tatu, wala isiwe na ila yoyote. Kiingereza nacho hutumia neno moja kwa maana zaidi ya moja, na mfasiri anayefuata neno badala ya swali hupotea pamoja nalo.

Tunapendekeza maneno manne. "Injini ya asili" iwe ile iliyotoka na gari kiwandani. Mafundi husema "injini iliyozaliwa na gari", na usemi huo ni mzuri katika mazungumzo, ingawa hatungeuweka katika hati ya mahakama. "Injini stahiki" iwe ya kampuni, aina na wakati unaofaa, lakini si lazima iwe ile ya asili. "Injini mbadala" iwe ya aina nyingine iliyofungwa badala ya ile ya aina yake. "Injini ya namba ya kughushi" iwe ile ambayo namba yake imefutwa au kugongwa upya ili kudanganya. Hili la mwisho ni shtaka, na mfasiri asiliandike mpaka hati ya asili imeshtaki.

Neno "halisi" libaki kwa vipuri vya dukani, ambako linaeleweka. Na "namba zinazolingana" itumike kwa magari ambayo kiwanda kilirudia namba ya gari kwenye injini. Kwa mengine tuseme "injini imethibitishwa kwa daftari la kiwanda", maana kwa magari hayo uthibitisho hutoka katika kumbukumbu zilizoandika chesisi gani ilifungwa injini gani. Asipopata daftari hilo mkaguzi husema hakuweza kuthibitisha. Kutothibitika si kukanushwa, na tofauti hiyo lazima ionekane katika Kiswahili.

Miaka mitatu ya gari moja

Neno "mwaka wa gari" nalo lina maana tatu. Uko mwaka wa kuundwa, uko mwaka wa kusajiliwa, na uko mwaka ambao kiwanda kililitangaza gari kuwa ni la toleo lake. Volkswagen wa umbo la kobe ni mfano mwema. Kuanzia mwezi Agosti 1964, tarakimu ya tatu ya namba yake ya chesisi ilionyesha toleo. Gari lenye namba inayoanza na 115 ni la toleo la 1965, ingawa huenda liliundwa Agosti 1964. Likisafirishwa kwa meli na kukaa bandarini na dukani, huenda likasajiliwa mwishoni mwa 1965 au baadaye.

Ofisa anayehesabu ushuru au umri kwa mwaka hana budi kujua ni mwaka upi. Tunapendekeza "mwaka wa toleo", kama tunavyosema toleo la kitabu, pamoja na "mwaka wa kuundwa" na "mwaka wa kusajiliwa". "Mwaka wa gari" pasipo ufafanuzi uepukwe.

Alama kumi na saba, na kunakili

Namba tulizozieleza zilikuwa na urefu na mpango mbalimbali kwa kuwa kila kiwanda kilijitungia. Shirika la kimataifa la viwango lilitoa kiwango cha ISO 3779 mwaka 1977, na Marekani ikalazimisha alama 17 kuanzia magari ya toleo la 1981. Katika mpango huo herufi I, O na Q hazitumiki, kwa kuwa hufanana na 1 na 0. Huko Marekani alama ya tisa ni ya kuhakiki. Kila alama hupewa thamani na uzito, jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndilo huandikwa mahali hapo. Baki likiwa 10 huandikwa X. Mtu akikosea tarakimu moja, hesabu hukataa.

Magari makongwe hayana kinga hiyo. Kosa la kunakili haligunduliwi na hesabu yoyote, bali na jicho la pili peke yake. Kwa hiyo namba isifasiriwe, isipangwe upya, isiondolewe vistari wala nafasi, na herufi zisigeuzwe tarakimu. Inakiliwe kama ilivyo, kisha mtu mwingine aisome kwa sauti. Wala ofisa asiikatae namba kwa sababu ni fupi. Gari la kabla ya miaka ya 1980 haliwezi kudaiwa alama 17, na hata magari mengi yaliyotumika Japani, ambayo yamejaa katika barabara zetu leo, yana namba fupi zaidi kwa sababu yaliundwa kwa soko la huko.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Gari kongwe: gari lenye umri mkubwa linalotunzwa kwa thamani ya historia yake.
Namba ya usajili: namba itolewayo na serikali.
Namba ya utambulisho wa gari: namba itolewayo na kiwanda kwa gari moja. Namba ya chesisi ni aina yake.
Namba ya injini: namba iliyogongwa kwenye bloku kuitambulisha injini moja.
Namba ya kalibu: namba iliyoinuka, itambulishayo umbo la kipuri.
Tarehe ya kalibu: tarehe ya kusubiwa kwa kipuri.
Injini ya asili: injini iliyotoka na gari kiwandani.
Injini stahiki: injini ya aina na wakati unaofaa gari.
Injini mbadala: injini ya aina nyingine iliyofungwa badala.
Mwaka wa toleo: mwaka ambao kiwanda kililihesabia gari.
Alama ya kuhakiki: alama itokanayo na hesabu ya alama nyingine, ya kugundulia kosa.

Ile sentensi ya ripoti tuliiandika upya hivi: "Injini iliyomo ni injini stahiki ya gari hili. Haikuthibitishwa kuwa ni injini ya asili, kwa kuwa daftari la kiwanda halikupatikana." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na haimtaji mtu yeyote. Warithi walisomewa zote mbili katika kikao kimoja, na wa kwanza kuomba nakala ya hiyo ya pili alikuwa yule aliyekuwa ameulizwa injini ameiuza wapi.

Tunawaomba wafasiri, walimu wa ufundi na maofisa wa usajili watuletee maneno wanayoyatumia kwa vitu hivi katika sehemu zao, hasa maneno ya mafundi, ili orodha hii ipimwe kabla ya kusanifishwa.